Mchu Gani

Taa ya chumba cha hoteli ilikuwa hafifu, kwa hiyo Wardah alivaa kwa kupapasa. Alianza na leso ya marehemu mama yake, akaifunga kiunoni, kisha akaifunika kwa jilbabu nyeusi mpaka pindo lisionekane. Alikuwa ametoka Mombasa kuja Kismayo kuitazama nyumba ambayo familia yake iliikimbia wakati wa vita akiwa mchanga, na wanaoishi humo sasa hakutaka wajue kuwa yeye ni Mbajuni, wa watu wa pwani waliofukuzwa humo. Wiki nzima alikuwa akijifunza Kisomali, hasa jinsi ya kuuliza nani anabisha: "Waa ayo?"

Mlango ukagongwa.

"Mchu gani?" akauliza.

Akaziba mdomo, lakini neno lilikwisha toka. Mjini humo ni Wabajuni tu wanaosema mchu badala ya mtu. Wiki nzima ya kujifunza, bure kabisa. Kitasa kikatikisika.

"Ni mfagiaji, nimeleta taulo," mwanamke mzee akanong'ona kwa Kibajuni. "Na punguza sauti, mwanangu. Hapa wote wanajua mimi Msomali."