Raba Zangu Zimekwenda na Kina Mama

Taifodi ilinilaza wiki tatu. Nilipopata nafuu, daktari akaniambia nikimbie kidogo kila asubuhi ili mwili upate nguvu tena. Jumamosi nikavaa raba, nikazunguka mtaa wetu wa Tassia mara mbili. Niliporudi mbio hadi mlangoni, nikakuta kina mama watano wa kanisa, wamebeba sukari na unga.

"Tumetoka Dandora kuja kuona mgonjwa," akasema kiongozi wao, macho kwenye raba zangu. "Yuko wapi?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe unayekimbia?" Akahamisha mfuko wa sukari, akaushika kwa mkono ulio mbali nami.

Ningefanyaje? Nilivua raba, nikapanda kitandani na jasho langu, nikajifunika blanketi. Hapo ndipo nyuso zao zilipolainika. Wakaimba, wakaomba, kisha kiongozi akaniwekea mkono kwenye paji la uso.

"Uwi! Homa yote hii, na alikuwa nje!"

Nikaeleza kwamba hilo ni joto la mazoezi. Nani alisikia? Wameondoka na raba zangu, eti watazirudisha nikipona.

Msomaji, taifodi ilikaa nami wiki tatu na haikugusa viatu vyangu.