Ushuru wa Mtani

Vumbi la mwezi wa nane huku Nzega halitui chini. Asubuhi, kabla jua halijapanda, linakaa juu ya mashamba yaliyovunwa kama moshi wa jikoni, na watoto wanatokea ndani yake na ndoo za maji kichwani, miguu kwanza, kisha sketi na kaptula, mwisho nyuso. Mimi husimama mlangoni mwa darasa kuwapokea. Miaka yote niliyofundisha hapa kijijini Lusu sijaizoea saa hiyo. Huwa nahisi bado nimelala.

Nilizaliwa Kisarawe, kwenye minazi na mihogo, nikapangiwa kazi huku nikiwa sijawahi kuona kundi la ng'ombe. Siku niliyoshuka kwenye basi na begi na godoro langu, mwanaume mmoja mrefu mwenye baiskeli aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia mimi ni Mzaramo, alicheka mpaka akaegemea baiskeli.

"Mtani! Yaani serikali imekosa watu mpaka inatuletea wacheza ngoma watufundishie watoto?"

Nikamjibu kwamba namtafuta mpagazi mmoja wa Kinyamwezi aliyepita kwetu na meno ya tembo, akanywa maji ya mtungi mzima asiseme hata asante. Akalifunga godoro langu kwenye keria, akanisindikiza mpaka shuleni huku akinitukana njia nzima, nami nikimrudishia. Utani huu walituachia wale wa misafara ya zamani, wao wakipita, sisi tukiwatoza njiani. Mtani humwambia mtani wake lolote na humchukulia chochote, na atakayekasirika ndiye mwenye aibu.

Kazi yenyewe ina mambo yake. Darasa la kwanza wananiuliza kwa Kinyamwezi, nawajibu kwa Kiswahili, tunakutana katikati kwa vidole na michoro. Mbuzi huingia wakati wa hesabu, na kuna siku ni yeye peke yake anayesikiliza. Nina hasira za karibu, nakiri, na watoto wanazijua. Nikivua miwani tu, darasa zima kimya. Lakini kuna asubuhi nakuta mezani michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, vimefungwa kwenye kitambaa safi, na hakuna anayesema nani kaleta. Na kuna siku mtoto aliyekodolea ubao mwaka mzima anasoma sentensi mpaka mwisho, halafu anageuka nyuma kuangalia ni nani aliyesoma. Siku hiyo narudi nyumbani sisikii hata jua.

Binti wa yule mtani wangu wa baiskeli alikuwa darasa la saba, dawati la mbele. Alikuwa akimaliza hesabu kabla sijamaliza kuziandika ubaoni, kisha anatulia akitazama dirishani, kama mtu anayesubiri wenzake njia panda. Nilitaka afaulu kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote mwaka ule.

Ndipo nyasi zikaisha. Zikiwa zimebaki wiki chache mtihani ufanyike, baba yake akaamua kuhamia Katavi na ng'ombe wake na familia yote. Binti ndiye aliyekuwa akimbeba mdogo wake, kwa hiyo lazima aende. Bila ule mtihani hakuna sekondari, na huko porini walikokuwa wanakwenda hakukuwa na shule ya karibu. Mwalimu mkuu akasema tumpeleke mzazi kwa mtendaji wa kijiji. Nilikataa. Mwaka uliotangulia baba mwingine aliitwa ofisini kwa jambo hilohilo, na kesho yake tukakuta nyumba tupu.

Asubuhi ya safari nilikwenda kwao nikalala chali katikati ya njia, mbele ya lango la zizi, na gauni langu la kazini. Kwenye misiba nimeshaona mtani akilala mbele ya jeneza mpaka apewe kitu. Mbele ya ng'ombe, sijawahi hata kusikia.

"Mtani, umelewa asubuhi yote hii?" baba mtu akauliza.

"Hapiti mtu hapa bila ushuru. Babu zako walilipa kwetu walipopita na meno yao ya tembo, na wewe utalipa."

Majirani waliokuja kuaga wakaangua kicheko. Akaniletea kuku. Nikasema amekonda kama mwenyewe. Akasema basi chukua mbuzi. Nikasema mbuzi wake nawajua, nimewafundisha hesabu na wamefeli wote. Nyuma ya lango ng'ombe walikuwa wanapumua, kengele zao zinalia taratibu, vumbi linashuka usoni mwangu, na juu mbingu nyeupe haina hata wingu. Nilijisikia kama ninaelea. Niliogopa sana, ila nilikuwa nacheka.

"Sasa wataka nini, Mzaramo wewe?"

Nikanyoosha kidole. "Huyo. Mpaka amalize kusoma."

Kicheko kikakatika. Binti alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mzigo kichwani, mdogo wake mgongoni. Baba akanitazama. Utani nao una mpaka wake, na sikujua kama nimeshauvuka.

"Alichoshika mtani hakinyang'anywi," akasema mwishowe, akiwaambia watu, si mimi. Kisha akanigeukia. "Lakini huyu anakula, mtani."

"Atakula ninachokula."

"Mihogo! Haya, jamani, mwanangu kesho ataamka anacheza ngoma."

Watu wakacheka tena, na mimi nikainuka.

Mtihani aliufanya, akafaulu, na leo yuko shule ya bweni mjini Tabora. Nayasema haya mapema ili yasikusumbue, maana asubuhi ile siikumbuki kwa sababu hiyo.

Naikumbuka kwa mama yake. Miaka yote hatukuwahi kupita shikamoo na marahaba, kwa sababu Kiswahili kilimpa taabu. Alimsogelea binti, akaifungua kanga, akamchukua yule mdogo akamfunga mgongoni mwake mwenyewe. Akautoa ule mzigo kichwani mwa mwanawe, akajitwika mwenyewe. Ng'ombe walishaanza kutoka, wanatupita pande zote, na yeye akasimama mbele yangu akitafuta maneno.

"Mwalimu," akasema. "Huyu akilia, hatoi sauti. Uwe unamwangalia."

Akawafuata wenzake kwenye vumbi. Nilikuwa nimemfundisha mtoto yule, akiwa dawati la mbele, miaka miwili na sikujua jambo hilo. Nikageuka kumwangalia. Alikuwa amesimama wima kama yuko mstarini, macho kwa mama yake, uso wote umelowa.