Karani Aliyepokea Jani Lisilo Lake

Alizaliwa Uru, juu ya Moshi, mwaka 1906, akabatizwa Primus. Misheni alijifunza upesi, na mwaka 1930 akawa karani na mkalimani bomani. Kazi ile ilimla. Asubuhi wazee, mchana bwana shauri wa Kiingereza, jioni wenye kesi wamejaa mlangoni kwake, na kila mtu alitaka asemewe vizuri. Akakonda. Ikawa kila kinachonyooshwa mbele yake anakipokea bila kutazama, iwe hati, kofia, hata bakora za wazee.

Mwaka 1937 baraza lilikaa Uru, mbele ya bwana shauri, kwa kesi ya mjane Dominika. Alikuwa amemtukana shemeji yake Rogath matangani, na Rogath alitaka aondoke kihambani, kwenye shamba la migomba aliloachiwa na mumewe. Wazee waliamua aombe msamaha kwa jani la mmea wa isale. Kwetu Uchaggani, anayelipokea jani hilo amekwisha kusamehe, hana la kuongeza. Dominika akalinyoosha huku ameinamisha kichwa. Primus, aliyesimama kati yao, akalipokea.

"Karani, jani umelipokea wewe," alisema Rogath. "Basi msamehe wewe. Mimi sijapewa kitu."

Wazee waliogopa kulitoa jani mara ya pili kwa kosa lile lile, kwani ni mwiko, na Dominika akafungasha vyungu vyake.

Hapa, wapendwa, hata mimi ninayeandika nachanganyikiwa. Primus aliacha kazi wiki ile ile. Hakwenda utawani wala hakuhubiri. Alikwenda kwa Rogath, akavua viatu, akaomba amkatie ng'ombe majani mpaka mjane arudishwe. Mkalimani wa boma akawa anabeba mzigo wa majani kichwani, kazi ya wanawake! Mama yake, Elinipendo, alilia.

"Mwanangu, umelogwa?"

"Sijui, mama. Ila mkono uliopokea ni wangu."

Miaka miwili Rogath alimcheka. Mwaka wa tatu akanyamaza, na baada ya mavuno ya kahawa akamrudisha Dominika kihambani mwenyewe, bila baraza. Boma likamwita Primus arudi kazini. Hakurudi, akaendelea kukata majani. Paroko alipomuuliza sababu, alisema haijui, ila siku hizi anapata usingizi. Nimetafuta jibu la kitakatifu zaidi ya hilo nikalikosa, na jambo hili linanisumbua.

Husimuliwa kwamba alipougua, ng'ombe wa Rogath walikataa majani yaliyokatwa na wengine. Mimi sikuona, Dominika anaapa aliona. Primus alifariki wakati wa Kwaresima, mwaka 1953.

Kanisa halijatamka lolote juu yake, nami silitangulii. Lakini siku ya mazishi Rogath, mzee yule mwenye ulimi mkali, alisimama kaburini. "Amekaa kwangu miaka kumi na sita," alisema. "Hakuniambia hata mara moja kwamba nilikosea."

Tumwige katika hilo, wapendwa, hata kama hatumwelewi.