Binti wa Buhemba Aliyetaka Kusoma Miamba

Nafundisha sekondari Musoma, na kila mwaka napewaga kazi ya kuwasaidia wanafunzi wa kidato cha nne kuchagua masomo na fani. Kazi yenyewe inanichoshaga. Uliza darasa zima nani anataka kuwa nini, wote ni madaktari, hata yule anayekimbia mwenzake akitoka damu puani. Nawauliza mabomba atatutengenezea nani. Wanacheka, halafu wanarudi kwenye udaktari wao.

Ndiyo maana nilifurahi sana binti mmoja mpole wa Buhemba aliposema anataka kusoma miamba. Wiki iliyofuata alinifuata ofisini, macho mekundu.

"Madam, baba amekataa. Amesema nikichagua hiyo, kidato cha tano nisahau."

Baba yake ni mchimbaji mdogo, ana duara lake, yaani shimo la dhahabu. Hasira zikanipanda. Nilishasikia kwamba huko wapo wanaoamini mwanamke akisogelea duara, dhahabu inakimbia. Nikasema moyoni, huyu mzee atanisikia. Jumamosi nikafunga safari na binti yake hadi kwao, maneno nimeyapanga tayari.

Tulipokelewa vizuri. Mama akaleta ugali na sato wa kuchemsha. Hata tonge la tatu sijamega, nikaanza.

"Baba, hizi imani za dhahabu kukimbia, zama hizi kweli?"

Akatafuna mpaka akamaliza.

"Hayo wanasemaga wengine, mwalimu. Dhahabu haina miguu." Akanawa mkono, akaufuta taratibu. "Mdogo wangu alifukiwa na duara. Mimi nilikuwa juu, nikamwita mpaka sauti ikakauka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa unataka na huyu nimpeleke huko?"

Mimi mwenye mdomo wote huu nikainamia sahani yangu. Nilimhurumia, na nilijionea aibu kwa ule ujuaji nilioingia nao mlangoni.

Aliyeongea ni binti, polepole, macho yake chini.

"Baba, sitaki kwenda kuchimba. Nataka kujua mwamba upi utashika na upi utaporomoka, kabla mtu hajashuka."

Mama akaacha kukusanya vyombo. Mzee akageuzia uso mlangoni, nikadhani tumemuudhi na safari yetu imeishia hapo. Kisha akanigeukia.

"Hilo linafundishwa shule?"

"Linafundishwa, baba. Inachukua miaka, lakini linafundishwa."

Akatikisa kichwa kukubali, akamtazama mwanawe.

"Basi kasome, mama. Ukishajua, uje unipimie duara langu." Akainuka, akachukua kofia yake ukutani. "Ila usichelewe. Mimi Jumatatu nashuka."