Viti Viwili vya Paka

Kwenye sebule ya Mama Mkubwa hakuna picha ya harusi wala ya watoto. Kuna picha za viti. Viti viwili viwili, vitupu, vingi vyekundu, vichache vya bluu, na vingine vya mbao ambavyo ukivitazama tu mgongo unakuuma. Kila jozi imetoka katika jumba lake la opera, katika nchi yake, na zote zilipigwa na mume wake, ambaye kwangu mimi ni Baba Mkubwa na kwa watu wa kazini kwake ni Paka.

Kwa asiyejua, opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawasemi, wanaimba, mwanzo mpaka mwisho. Anayependa anaimba, anayesalitiwa anaimba, na anayekufa ndiye anayeimba kuliko wote. Baba Mkubwa alikuwa akipiga picha za michezo hiyo, na za majumba yenyewe, tangu mimi sijazaliwa. Jirani yetu mshona viatu alipoonyeshwa picha zile mara ya kwanza alizipitia moja moja, kwa heshima zote, kisha akauliza, "Hawa wote wanaumwa meno?" Baba Mkubwa alicheka mpaka akakaa chini.

Jina la Paka lilitokana na kazi. Kamera za zamani zilikuwa na mlio, klak, na majumba yale yamejengwa ili hata pumzi ya mwimbaji ifike kiti cha nyuma kabisa. Klak moja humo ndani ni sahani iliyoanguka msibani. Wapiga picha wengine walifukuzwa kwa sababu hiyo. Yeye aliiviringishia kamera yake sweta kuukuu alilolifuma Mama Mkubwa, akatafuta mahali pa kusimama ubavuni mwa jukwaa, juu kidogo ya ngoma kubwa na matarumbeta, akangoja. Ngoma zikilia, naye anabonyeza. Mlio wa kamera unamezwa humo humo, hakuna anayejua. Akawa anaitwa tena na tena, nchi hii na ile, mpaka akajua kwa moyo kila mahali penye kishindo katika kila mchezo.

Kidole chake nacho kikajua. Nyumbani, redio ikicheza muziki wa aina yoyote, kile kidole cha shahada kilikuwa kinabonyeza mkono wa kochi chenyewe, sawasawa na ngoma, hata akiwa amesinzia. Sisi watoto tulishindana nacho, tukajaribu kukiwahi, na tulishindwa siku zote.

Mimi ni mtu wa maswali, na sina adabu ya kuyameza. Nikamuuliza siku moja, "Baba Mkubwa, na zile sehemu za taratibu? Unazisikiliza saa ngapi?"

"Sizisikilizi," akasema. "Pale nimebana pumzi, nangoja kishindo. Hizo nimeziwekea siku yake."

Siku yake ilikuwa hii: akistaafu, atanunua tiketi mbili, atakaa na mkewe bila kamera, atasikiliza mchezo mzima kama watu wengine, hasa zile sehemu za taratibu. Ndiyo maana kila alikokwenda, asubuhi wafagizi wakiwa bado wanapita katikati ya safu, alichagua viti viwili vizuri kuliko vyote, akavipiga picha, akamletea mkewe. "Hivi ndivyo vyetu," anamwambia.

"Nimeolewa na viti mimi," Mama Mkubwa alikuwa akisema, huku anamshikia msumari. "Ahadi ni deni, mzee."

"Nitalipa."

"Lini?"

"Nikistaafu, mama. Si nimeshakwambia?"

Mama Mkubwa hakuwahi kutia mguu katika hata jumba moja kati ya yale. Mumewe alipiga picha kwenye mazoezi ya mwisho, waimbaji wakiwa wamevaa kamili na viti vikiwa vitupu, na onyesho lenyewe likianza yeye alikuwa tayari uwanja wa ndege, anakwenda kwingine. Watoto walikuwa wanasoma, nyumba ilikuwa inajengwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nilimwambia mama yangu mkubwa. Akanijibu tumbo lake ni la chuma.

Halafu yakaja masikio. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wakubwa. Zile ngoma zilizomfichia mlio wa kamera miaka yote ndizo zilizokuwa zinamla, kidogo kidogo. Tulianza kwa kugombania sauti ya televisheni. Kisha akawa anajibu maswali ambayo hayakuulizwa. Ukimuuliza kama aongezwe sukari, anakwambia mvua itakatika. Nilicheka, mpaka nikaona na yeye anacheka, ila anachelewa kidogo, na anatutazama midomo.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa masikio. Daktari alimgeukia uso kwa uso akasema polepole: mishipa ya ndani ikifa haifufuki, vifaa vya kuvaa vitampa kelele lakini havitampa uimbaji, na kilichobaki ni kidogo, nacho kinaondoka. Baba Mkubwa alishukuru kana kwamba amepewa zawadi. Kwenye ngazi akanishika mkono wa blauzi.

"Usimwambie mama yako mkubwa. Amenivumilia sana. Acha kwanza akae kwenye kiti chake."

"Basi nendeni kesho!" nilipiga kelele, wauguzi wakageuka. "Kesho, Baba Mkubwa! Mnangoja nini?"

"Nimalize huu mchezo mmoja. Mmoja tu."

Nilishikwa na hasira nikatangulia kuvuka barabara peke yangu. Kisha nikakumbuka kwamba hasikii magari, nikarudi mbio.

Yaliyotokea katika mchezo huo mmoja alinisimulia fundi wa taa, rafiki yake wa siku nyingi, ndiye aliyemrudisha nyumbani. Kamera za siku hizi hazilii, isipokuwa mtu auwashe mlio mwenyewe. Baba Mkubwa alikuwa nayo mpya, kimya kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani hakuhitaji kungoja kishindo. Alifurahi kama mtoto. Alimwambia fundi kwamba sasa atazipiga zile sehemu za taratibu, na kama hazisikii, angalau aziweke kwenye picha.

Humo gizani alibonyeza mahali sipo. Mlio ukawaka, naye angejuaje?

Mwimbaji alikuwa amepiga magoti katikati ya jukwaa, ala zote zimenyamaza, anaimba kwa sauti ya kumlaza mtoto. Klak. Akaendelea. Klak. Klak. Akanyamaza. Mwongoza muziki akashusha fimbo yake. Watu wote, wa jukwaani na wa chini, wakageuza shingo kutazama juu. Baba Mkubwa akadhani ndivyo mchezo unavyokwenda, akawapiga picha.

"Picha nzuri," fundi wa taa aliniambia. "Nimeiona. Wote wanamtazama yeye, na wote wana hasira." Akatikisa kichwa. "Nilimwambia mapema aache. Sikio la kufa halisikii dawa."

Hapo akajisikia alichosema, akaziba mdomo. Nilitamani kumzaba kofi. Nikamtilia chai.

Mama Mkubwa aliambiwa kwamba mumewe amestaafu. Alichukua pasi akalinyoosha gauni lake la kijani. Baba Mkubwa alinunua tiketi za onyesho la mchana, Jumapili, katika jumba la hapa mjini kwetu, viti vya juu, katikati, mbali na ngoma, mahali ambapo miaka yote alisema sauti hufika ikiwa safi. Niliwasindikiza mpaka mlangoni pa jumba. Nikamtengeneza kola, nikamwambia Mama Mkubwa amependeza, na nikaondoka haraka kwa sababu nilikuwa karibu kulia.

Jioni niliwakuta wamerudi. Baba Mkubwa alikuwa mchangamfu, anatafuta nyundo. Alishapitia studio ya jirani kusafisha picha aliyoipiga kwa simu kabla watu hawajaingia: viti viwili, mara hii vyao kweli. Mama Mkubwa alikuwa jikoni, amevua viatu, anasugua nyayo.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu lini nini, Mama Mkubwa?"

"Usinifanye mtoto."

Akaendelea mwenyewe, taratibu, bila kunitazama.

"Alinishika mkono. Nikafurahi kama msichana, unasikia? Basi yule mama mwimbaji akabaki peke yake mbele, anaimba kwa kasauti kadogo, ukumbi mzima hakuna hata anayekohoa. Kidole cha mzee kikabonyeza kiganja changu. Kikabonyeza tena. Halafu zikaja ngoma, nikazisikia mpaka kwenye meno, na kidole kimelala. Mume wangu hajawahi kukosa ngoma hata usingizini."

Kutoka sebuleni ilisikika nyundo, inagonga msumari.

"Lakini wewe ulisikia," nikasema. "Angalau mmoja wenu amesikia."

"Sikusikia chochote, mwanangu. Kuanzia hapo nilikuwa nafuata kidole tu. Namwomba Mungu kiangukie mahali pake, hata mara moja. Ukiniuliza yule mama aliimba nini, sijui."

"Na kiliangukia?"

"Hapana."

Nyundo ikanyamaza. "Mnasema nini huko?" Baba Mkubwa akaita.

Mama Mkubwa akainuka, akaenda kusimama mlangoni, penye mwanga, ili aonekane mdomo.

"Nasema ilikuwa nzuri sana!"

"Ee," akajibu, huku anaiweka sawa fremu ukutani. "Si nilikwambia?"