Bakuli la Mama wa Mteka Ndege

Habari ilipofika karakanani, aliyecheka kuliko wote alikuwa Zhuang Yinhua. Ulikuwa mwaka 1993, mwaka ambao ndege zetu zilitekwa moja baada ya nyingine na kupelekwa Taiwan, na sisi watu wa Jinjiang, pwani ya China, tulikuwa tumelizoea jambo hilo hadi tukaanza kulifanyia mzaha. Redio ilisema ndege iliyokuwa inakuja Xiamen, uwanja wetu wa karibu, imegeuzwa hewani.

"Mmesikia?" alisema Lai, fundi wa vyerehani. "Wenzetu wanapelekwa kula mananasi ya bure, sisi tumekaa hapa tunanusa gundi!"

Yinhua alikuwa anapaka gundi kwenye soli. Bila kuinua kichwa akajibu, "Huyo mtekaji angenipitia, ningembebea hata begi."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Kabla ya jua kuzama, Yinhua alijua kwamba mtekaji alikuwa Rongbin, mwanawe wa pekee.

Mimi nimekulia kwenye kichochoro kimoja na Yinhua. Mambo mengi ya siku zile Yinhua huyasimulia bila kutetereka: askari waliopekua mpaka pipa lake la mchele, jirani aliyehamisha kamba yake ya kuanikia nguo isigusane na ya kwake. Lakini akifika kwenye kile kicheko husimama. Huufunika mdomo kwa kiganja, kama vile kicheko bado kimo humo na kinaweza kutoka tena.

Alikuja mjini akiwa mjane kijana, kutoka kijiji cha wachonga mawe, baada ya jabali kumwangukia mumewe machimboni. Ke Tianfu, mwenye karakana ya viatu, alimpa kiti kwenye meza ya gundi na hakumuuliza nani atamdhamini. Mtoto alikulia chini ya meza hiyo. Tianfu, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, alikuwa akimpandisha mabegani na kumzungusha uani akimwita "meneja". Rongbin alipokua akawa mwuzaji wake wa viatu, akasafiri naye hadi miji ya kaskazini. Siku ile walikuwa wanarudi pamoja, kabla ya siku waliyotarajiwa. Walikaa viti viwili vya jirani.

Kilichotokea hewani kilijulikana siku chache baadaye. Rongbin aliinuka na kitu kilichofungwa utepe mweusi, nyaya zikining'inia, akamwambia mhudumu kwamba ni bomu na kwamba rubani aelekee Taiwan. Alikuwa ameaminishwa na maneno ya mitaani kwamba kila anayefika kule na ndege hupokewa kama shujaa na kupewa nyumba. Alipokewa kwa pingu. Abiria walirudishwa Xiamen siku hiyo hiyo, wote wazima. Na polisi walipofungua ule utepe mweusi, ndani walikuta kalibu la mti, lile umbo la mguu linalotumika kuundia kiatu. Lilikuwa kalibu la karakana ya Ke Tianfu, lililochongwa na Ke Tianfu mwenyewe.

Hapo ndipo uongo ulipoanza, na siwezi kuuandika bila kukasirika. Sikasirishwi na Tianfu. Nakasirishwa na sisi, tuliomsubiri nje ya mlango wake kama watazamaji wa sinema, kila mmoja akitaka kusikia jinsi mwanamume wa mji wetu alivyomkabili mtekaji. Mtu ametoka kwenye mlango wa kaburi, na sisi tunamtaka atutumbuize.

"Bosi, ina maana hukulitambua kalibu lako?" Lai alimuuliza.

"Nililitambua papo hapo," alisema Tianfu akimimina chai. "Nilinyamaza tu ili watu wasitaharuki. Kisha nikaendelea kusinzia zangu, bwana."

Watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo ilimbidi asimulie hivyo hivyo kila alasiri.

Sasa, kwetu mtu aliyeponea chupuchupu, awe ametoka hospitali, ajalini au gerezani, hupikiwa makongoro ya nguruwe na tambi nyembamba kama nyuzi. Tambi ndefu zinavuta umri, na kongoro linaupiga mkosi teke. Na kama mshtuko umesababishwa na mtu wa nyumba yako, ni wewe unayepaswa kulipeleka bakuli, mchana kweupe, kupitia mlango wa mbele. Bakuli hilo lisipoliwa, huna ruhusa ya kukaa tena meza moja na uliyemkosea. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini Yinhua asingeweza kukanyaga karakana ile kabla Tianfu hajala. Alitaka ale. Hakutaka kitu kingine chochote duniani, maana yeye hakuwa na ruhusa hata ya kumtaja mwanawe.

Basi akapika. Alichuna vinyweleo vya kongoro kwa kibanio, akalichemsha na tangawizi hadi mfupa ukalegea, akaweka na mayai mawili. Alipita kichochoroni na bakuli mikononi, macho chini. Milango ilifunguka upande huu na upande ule. Hakuna aliyemsalimia.

Tianfu alikuwa barazani na wanaume wenzake, wanakunywa chai.

"Bosi," alisema Yinhua, "nimekuletea makongoro."

"Ya nini?"

"Ya kutuliza mshtuko, bosi. Nyumba yangu imekushtua."

Kisha Lai akacheka puani. "Mshtuko gani tena? Mama Rongbin, mwenzako alikuwa anasinzia! Au siyo, bosi?"

Tianfu aliweka kikombe chini polepole. "Mpelekee aliyeshtuka," alisema. "Mimi sikushtuka."

"Japo uzi mmoja, bosi. Uonje tu."

"Mama, nimesema mpelekee aliyeshtuka!"

Alirudi na bakuli lake. Tambi zilikuwa zimefura na kunywa mchuzi wote. Hakuzila, maana hazikuwa zake. Alizimwaga, na kila alipokumbuka sauti ile ya Tianfu alisema moyoni, ananichukia, na ana haki.

Kwa jinsi tulivyolelewa, angeweza kuwaza nini kingine? Mtu akikataa bakuli lako, maana yake bakuli ni dogo. Wiki iliyofuata akapika makongoro yote manne, akayapanga kwenye sinia juu ya tambi, akalifunga sinia kwa karatasi nyekundu. Akanunua na mshipi wa fataki. Heshima kubwa haiji kimyakimya kwetu. Huletwa kwa fataki mlangoni, mji mzima usikie kwamba fulani ameombwa radhi.

Alipiga magoti mbele ya baraza, akaweka sinia, akawasha utambi.

Mlio wa kwanza ulipopasuka, Ke Tianfu alikuwa ameinua birika. Mlio wa pili ulimkuta chini ya meza. Alikuwa amejikunja, amefunika kichwa kwa mikono yote miwili, birika limevunjika kando yake, na anapiga kelele, "Usilipue! Usilipue, mwanangu, tutakwenda, tutakwenda unakotaka!"

Fataki ziliendelea kulia hadi zilipokwisha zenyewe. Hazina namna ya kuzizima. Wanaume walisimama wakitazama. Lai alianza kucheka, akaacha. Tianfu alitoka chini ya meza kwa magoti, chai ikimchuruzika kwenye suruali, akaingia ndani bila kumtazama mtu, na mlango ukafungwa.

Yinhua alibaki palepale, moshi ukimzunguka.

Siku ya pili, mke wa Tianfu, Shuilian, alikuja kwake. Hakubisha hodi.

"We Yinhua, mume wangu amekukosea nini?"

"Dada, mimi nilitaka aridhike tu..."

"Unamwua! Unakuja na bakuli mbele ya wale mafisi wanaokunywa chai yangu, unamwambia alishtuka. Atakulaje? Akila tu, amekiri. Halafu haikutosha, ukaja na fataki! Mtu aliyetoka kwenye bomu unamletea fataki?"

"Nilidhani ananichukia."

"Angekuchukia ingekuwa nafuu." Shuilian aliketi kitandani, sauti ikashuka. "Suruali aliyorudi nayo niliifua mimi. Umenielewa? Alijikojolea, dada yangu. Mbele ya watu, kwenye kiti. Na lile kalibu hakulitambua. Amechonga makalibu tangu hajaota ndevu, limepita mbele ya pua yake, na hakulitambua. Ndilo linalomkosesha usingizi. Siyo bomu. Hataki hata kuingia karakanani, anasema makalibu yote yanamtazama."

Yinhua alikuwa na aibu mbili hadi hapo, ya kicheko na ya mwana. Sasa akapata ya tatu, na hii aliipika mwenyewe kwa mikono yake na kuifunga karatasi nyekundu. Alikuwa ameomba radhi kwa namna ya kumvua mtu nguo barabarani.

"Bado anatoka barazani?" aliuliza mwishowe.

"Leo katoka. Nimemlazimisha. Asipotoka ndiyo watasema zaidi. Amekaa tu pale, wao wanaongea kuhusu hali ya hewa. Hakuna anayemtazama."

Yinhua alinawa uso, akachana nywele, akatoka. Shuilian alimfuata nyuma akimwuliza unakwenda wapi, unakwenda wapi wewe. Safari hii mikono yake ilikuwa mitupu.

Wanaume walikuwa watano au sita. Walipomwona walinong'onezana. Lai akasema, "Jamani kaeni chonjo, leo labda kaja na mzinga." Tianfu aliinamia kikombe.

Yinhua alisimama mbele yake wima.

"Bosi Ke," alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa kichochoro, "nimekuja kuomba chakula."

"Chakula?"

"Makongoro na tambi. Aliyeshtuka ni mimi. Mwanangu amenishtua, na tangu siku ile sijapikiwa na mtu. Sina mume, sina ndugu mji huu. Mlango wako tu ndio naujua. Wewe hukuogopa, kila mtu amesikia. Basi asiyeogopa ndiye ampikie aliyeogopa."

Lai aliinuka. "Huyu mwanamke hana haya! Mwanao kamteka mtu, na wewe unakuja kudai kupikiwa?"

"Ndiyo, sina haya," alisema Yinhua. "Nenda ukawaambie watu wote."

"Na zile fataki?"

"Nilikuwa sina akili. Nilishtuka mimi nikadhani kila mtu ameshtuka."

Wengine walitema mate pembeni. Mmoja alisema angekuwa dada yake angemchapa makofi. Nimekutana na watu wazima ambao hadi leo, ukitaja jina lake, hukumbuka siku hiyo kuliko siku ya ndege: yule mama aliyekwenda kumdai chakula mtu ambaye mwanawe alitaka kumwua. Husema hivyo wakitikisa kichwa, na wengi wao ni walewale waliokunywa chai bure barazani pale. Sijawahi kusikia hata mmoja akijiuliza kwa nini mama mwenye akili timamu angefanya vile.

Tianfu alikuwa ameinua uso. Alimtazama Yinhua kwa muda, kisha akamtazama mkewe aliyesimama nyuma yake akihema, na Shuilian akaangalia pembeni. Nadhani hapo alijua kwamba Yinhua anajua. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Pika," alimwambia mkewe.

"Nipike kiasi gani?"

"Sufuria kubwa."

Hawakula barazani. Walikula jikoni, kwenye meza ya kukatia mboga. Shuilian alimpakulia Yinhua, kisha bila kuuliza akampakulia mumewe. Lai alikuwa amechungulia mlangoni.

"Bosi, na wewe tena?"

"Mgeni hali peke yake," alisema Tianfu. "Rudi kanywe chai yako." Shuilian akausukuma mlango kwa mguu.

Tianfu alianza taratibu, akivuta tambi kwa adabu. Halafu akaacha adabu. Aliushika mfupa kwa mkono, akaunyonya, akanywa mchuzi na bakuli likimfunika uso, akalisogeza bakuli lijazwe tena. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Yinhua aliangalia bakuli lake mwenyewe, kwa sababu kuna vitu ambavyo mtu akivifanya hutakiwi kuviona, na yeye tayari alikuwa ameona mno.

Alijua kwamba nje wanamsema. Alijua kesho atapita kichochoro kile akiwa mama wa mteka ndege na mdai chakula pia, na kwamba hili la pili hawezi kulikanusha kwa mtu yeyote, milele. Alivuta tambi nyingine pamoja na aibu hiyo. Alizimeza.

Tianfu alimaliza. Akajifuta mdomo kwa kiganja, akasafisha koo.

"Alivaa koti jembamba," alisema.

"Nani, bosi?"

"Rongbin. Nilimwambia asubuhi achukue lile zito, akakataa. Sijui huko walikomfungia kuna baridi kiasi gani."

Tangu siku ya ndege, hakuna mtu aliyekuwa amelitaja mbele ya Yinhua jina la mwanawe isipokuwa kwa kulitukana, na yeye mwenyewe hakuthubutu kumwuliza mtu kama kijana anakula, kama analala, kama anasikia baridi. Shuilian alimwongezea mchuzi. Yinhua akainamia bakuli na kuendelea kula, machozi yakidondokea humo, na wenyeji wake wawili wakakaa naye hadi alipomaliza.