Msingi wa Mama Mianda

Mama Mianda, mshonaji wa Kamina, hakupenda mahubiri yale ya mwenye akili aliyejenga juu ya mwamba na mpumbavu aliyejenga juu ya mchanga. Kila mchungaji alipoyaanza, yeye alijishughulisha na kilemba chake. Baba yake alijenga juu ya mwamba. Alikuwa karani wa reli, Mkasai, yaani mgeni kutoka mkoa wa Kasai, na kwa viangazi viwili alisomba mawe ya msingi kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1993 Wakasai wakafukuzwa Kamina warudi kwao. Wakakaa stesheni wiki nne chini ya maturubai wakingojea treni, na hapo kuhara kukamchukua mzee. Mianda alikuwa na miaka kumi. Tangu siku hizo huwauliza wahubiri, kimoyomoyo, mbona hawasemi nani alibaki akilala katika nyumba ya yule mwenye akili.

Muamba, mumewe, ambaye sasa ni marehemu, alipomrudisha Kamina, mambo ya ujenzi alimwachia yeye. Mianda akamwita Kitwa, mwashi jirani yao, Mluba mwenyeji wa hapo hapo. Kitwa alipiga kamba za kupimia, akashika jembe achimbe msingi. Mianda akamzuia. Alitaka matofali mabichi yapangwe juu ya mchanga vivyo hivyo, na mabati yapigwe misumari michache ili yang'olewe upesi. Kitwa alimsihi siku nzima.

"Baba Kitwa, weye panga tofali tu," akamwambia. "Majiwe ya baba yangu iko mu udongo wa Kamina mpaka leo. Ya kwangu haitaingia."

Kitwa alitii shingo upande. Nyumba ikasimama miaka kumi na minane, mvua ikiula ukuta kwa chini, na kila kiangazi Mianda akiukandika udongo. Alijiona mjanja kuliko wote waliochimba. Mtu aweza kuwa na uchungu wa haki kabisa na bado akakosea, naye alikosea sana.

Januari hii mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne, Jenny, binti yake wa pekee, alikuwa akimnyonyesha mtoto wa wiki tatu ukuta wa chumba ulipowaangukia. Jenny alimkumbatia mtoto, akageuza mgongo. Matofali yakamvunja mguu. Mtoto hakuguswa.

Hospitalini Mianda alijitetea. Alisimulia tena ya stesheni, ya maturubai, ya mzee. Jenny alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ulijenga nyumba ya kukimbia," akasema. "Miye nilizaliwa hapa. Mutoto wangu alizaliwa hapa. Tutakimbilia wapi?"

Mianda alilia, na aibu ilimchoma kuliko huzuni.

Juma lile lile alikwenda kwa Kitwa kumwomba radhi, kisha akamwomba jembe. Walichimba msingi wa nyumba mpya mpaka magotini, Kitwa akasema kwa nyumba ndogo inatosha. Mianda akashuka shimoni mwenyewe, akaendelea mpaka kiunoni. Kitwa alisimama akimtazama, halafu akamuuliza kama haogopi tena kufukuzwa.

"Niko naogopa," akajibu, akinyoosha mikono kupokea jiwe la kwanza. "Bakinifukuza, haya majiwe itabakia pamoja na ya baba. Lakini mvula haitamuvunja tena mutoto wangu."